Kisima cha Shimo la Nane

Mmeniomba niandike juu ya kazi niliyofanya kabla sijaja kukaa kwa binti yangu hapa Roseville, ughaibuni. Ciku, mwenyekiti wenu wa vijana hapa kanisani, aliniomba niwe mfupi kwa sababu, alisema, vijana hawasomi. Nilimshukuru kwa kuniambia ukweli. Nitaandika kwa urefu ninaoutaka. Nimezungumza na majani kwa miaka mingi na hayajanijibu hata siku moja, kwa hiyo kutosikilizwa nimekuzoea.

Nilikuwa mtunza uwanja wa gofu. Uwanja wenyewe uko pwani ya Kenya, ubavuni mwa kijiji cha Kidongoni. Ulianzishwa na kampuni ya reli enzi za wakoloni, ili maafisa wake waliochoka kuhesabu mabehewa wapate mahali pa kupigia mpira mbele ya bahari. Mimi sijawahi kuupiga. Nimewaona watu wazima, wenye shahada na familia, wakipiga magoti kichakani kutafuta kitu cha ukubwa wa ndimu, wakikipata wanafurahi, halafu wanakipiga tena kichakani. Baada ya hapo wanaingia ndani kunywa na kusimuliana. Mungu aniwie radhi, lakini sikuona ndani yake jambo la kumfanya mtu anunue viatu maalumu.

Majani ndiyo niliyapenda. Majani hayana cheo. Ukiyakata kwa kisu butu yanakuumbua mbele ya watu wote: asubuhi yake ncha zinakuwa kahawia, na ukiinama unaona zimechanwa. Kijana anayetaka kujua kama mashine yake inakata vizuri asiitazame mashine, atazame ncha ya jani. Hilo ni la bure, lichukueni.

Sasa niseme kwa nini naandika leo wakati mmeniomba tangu mwaka jana. Klabu ile imechapisha kitabu cha historia yake, na wamenitumia nakala kwa posta mpaka hapa. Ni kizito, karatasi zinang'aa kama kikaango kipya. Makapteni wamepewa picha ukurasa mzima kila mmoja. Vikombe vimepigwa picha. Mbwa wa kapteni mmoja amepewa aya mbili, na inasemekana alikuwa na akili sana. Sisi wafanyakazi tumepewa mstari mmoja, kwamba tulikuwa waaminifu.

Hayo ningeyacheka tu na kukiweka kitabu chini ya chungu cha maua cha binti yangu. Lakini ukurasa mmoja unazungumzia kisima kilicho karibu na shimo la nane. Unasema kilichimbwa na wahandisi wa reli ili kunywesha uwanja, na wanakijiji wa Kidongoni wakaruhusiwa kuchota kwa hisani ya klabu. Unasema ushahidi upo: daftari la kazi la uwanja, ambamo jambo hilo limeandikwa na kuthibitishwa kwa dole gumba la msimamizi wa uwanja, Chengo, "yeye mwenyewe mzaliwa wa Kidongoni". Wamepiga picha mstari huo na dole hilo. Wino umefifia kidogo, lakini mwandiko unasomeka vizuri. Ni mwandiko wangu.

Ndani ya kitabu mlikuwa na barua. Klabu inataka kuzungushia kisima ukuta na kufunga lango. Kidongoni wamelalamika kaunti, na kaunti imeitisha kikao. Klabu inaniomba mimi, kama mwandishi wa daftari aliyebaki hai, nitie sahihi karatasi fupi kwamba niliyoandika ni kweli. Kwa kunishukuru nitapewa uanachama wa heshima wa maisha. Mzee wa magoti mabovu, anayeishi Roseville, ambaye kwa miezi mitano ya mwaka hawezi kutoka mlangoni bila kushikwa mkono kwa sababu ya barafu, anapewa ruhusa ya kuingia bure kwenye uwanja ulio ng'ambo ya dunia.

Siku hiyo hiyo ulifika ujumbe wa sauti kutoka kwa Kadzo, mjukuu wa Chengo. Kadzo ana watoto wadogo na anachota maji pale kila siku. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali ya miguu, ndipo akasema:

"Babu Mwakio, nisaidie. Hicho kitabu kimesomwa hapa kijijini mbele ya watu. Nikienda kisimani wanawake wananisogeza nyuma. Jana mmoja kaniambia, wewe kwenu ndio mlioweka dole, mwambie babu yako akuletee maji huko aliko. Kwani babu alikiuza kisima kweli? Mimi sijui. Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Niliusikiliza mara tatu, nikazima simu.

Chengo alikuwa mtu wa namna gani? Nitawaambia, kwa kuwa kitabu kimemwacha na dole tu.

Aliingia kazini akiwa kijana, wakati uwanja haukuwa na majani kwenye grini. Grini ni kile kiwanja kidogo kilicholainishwa ambapo shimo na bendera vipo. Reli ilikuwa na mafuta machafu ya injini kuliko ilivyokuwa na akili, basi wakayachanganya na mchanga, wakashindilia, wakaviita vile viwanja brauni, kwa rangi yake ya kahawia. Kila mchezaji alipopita aliacha nyayo, na kazi ya Chengo ilikuwa kukokota gunia kwa mduara, kuanzia shimoni kwenda nje, mpaka mchanga ukalala kama shuka. Aliniambia kwamba kwa miaka ile nguo zake zilinuka gari moshi, na mkewe alimtambua gizani kwa harufu.

Baadaye wakubwa wakasikia kwamba klabu nyingine ina grini za majani. Wakaona aibu. Majani yanataka maji, na hapo ndipo wahandisi wakaingia.

Nawaomba mlisikilize hili vizuri. Walichimba kisima karibu na jengo la klabu ili bomba liwe fupi. Chengo alikuwa mmoja wa wachimbaji. Maji yakatoka ya chumvi. Wakasogea hatua thelathini, wakachimba tena, yakatoka ya chumvi. Wakachimba cha tatu. Mhandisi alionja, akatema, akasema yanafaa kuogea. Hawakumuuliza mtu hata mmoja wa Kidongoni, watu ambao babu zao walijua ardhi ile inatoa wapi maji matamu na inatoa wapi ya bahari. Walikuwa watu wa kulaza chuma kwenye mstari ulionyooka, na walidhani maji nayo hufuata ramani. Mashimo yale matatu yakafukiwa nusu kwa mchanga na kuitwa mabanka, yaani mitego ya wachezaji. Yapo mpaka leo kwenye shimo la kumi na nane. Kitabu kinayasifu. Kinasema yalibuniwa na jicho la msanii.

Kisima chenye maji matamu kilikuwa kimoja, cha Kidongoni, kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, mdomo wake umelika kwa kamba za vizazi. Uwanja ulipopanuliwa ulikimeza, kikajikuta hatua ishirini kutoka grini ya nane. Wanawake hawakuacha kuja. Walikatiza uwanja na ndoo kichwani, wachezaji wakapiga kelele, nao hawakugeuka, kwa sababu mwenye ndoo kichwani hageuki.

Chengo ndiye aliyekwenda kuomba. Alienda kwa mama zake na shangazi zake, akakaa chini, akaeleza kwamba klabu inataka maji ya majani. Walimcheka mpaka wakachoka. Majani yanyweshwe na mtu? Kisha wakakubali kwa sharti. Wanawake wachote kwanza. Wakimaliza, mtu wa klabu asimame kwenye mkwaju ulio karibu, apige hodi. Akiambiwa karibu, aje na mkokoteni wa punda. Asipojibiwa, angoje. Na hapo hapajawekwa pampu hata siku moja, kwa sababu hawakuitaka.

Mimi nilipoajiriwa, somo langu la kwanza halikuwa kukata majani. Lilikuwa kupiga hodi kisimani. Nilitoka Taita, nimesoma, nimefundishwa dini na kupewa darasa la ubatizo nilifundishe, na nikajiona mkubwa mno kusimama kwenye mti na punda nikiomba ruhusa kwa akina mama. Siku moja nilikwenda moja kwa moja. Mama mmoja akachukua kata, akanimwagia maji miguuni pole pole, bila hasira.

"Umeyataka maji," akasema, "si hayo umeyapata?"

Chengo aliponiona nimelowa alimgeuza punda. Alinirudisha mkwajuni nikapige hodi.

Nilipiga hodi kwa miaka ishirini na miwili. Nawauliza ninyi mliosoma vyuo vya hapa: nani hupiga hodi kwenye nyumba yake?

Kuna kosa langu moja ambalo Chengo alipenda kulisimulia, nalisimulia mwenyewe kabla halijafika kwenu kwa njia nyingine. Klabu ilinipeleka miezi mitatu kwenye chuo cha kilimo nikarudi na cheti chenye muhuri mwekundu. Nilikitundika kwenye banda la mashine. Wiki zile Chengo alikwenda kumzika kaka yake. Ulikuwa ukame, akina mama walichota mpaka jua limepanda, na mimi na cheti changu tukachoka kungoja. Klabu ilikuwa imechimba kisima kingine kifupi cha kuoshea magari. Nilifunga mpira wa maji pale, nikanywesha grini ya nane siku tisa mfululizo. Nilijiona nimeokoa muda.

Chengo akarudi. Hakusalimia. Alipiga goti, akachuma jani moja, akalitafuna.

"Mwakio," akasema, "umelitia chumvi hili kama papa. Unataka kulianika?"

Ukingo wote wa grini ulikuwa umegeuka rangi ya karatasi iliyoungua. Mashindano ya kapteni yalikuwa yamebaki siku chache. Dawa ya chumvi ni moja tu: maji matamu mengi, yamwagwe taratibu mpaka yaishushe chumvi chini ya mizizi. Nikarudi mkwajuni kupiga hodi. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Mwenye cheti amekuja," akasema mmoja.

"Kitieni hicho cheti ndani ya kisima cha magari," mwingine akasema, "huenda maji yakawa matamu."

Walicheka, kisha wakajifunga leso, wakabeba ndoo pamoja nami mpaka grini. Siku nne. Grini ilirudi. Kitabu kinasema kwamba ukame ule ulishindwa kwa busara ya kamati.

Somo la kazi: kabla ya kumwagilia, weka maji kidogo kwenye kisahani, kiache juani kwenye jiwe. Yakikauka na kuacha weupe, usimwagilie kitu unachokipenda. Hata hapa Roseville lina kazi. Jirani yetu humwaga chumvi kwenye njia yake ya gari majira yote ya baridi, anaimwaga kama anayelisha kuku, halafu mwezi wa nne anasimama kando ya majani yaliyokufa na kulaumu duka lililomuuzia mbegu. Nilimwambia ayaoshe kwa maji mengi. Aliniuliza kama ni mtaalamu. Nikamwambia hapana, niliwahi kuwa mjinga zaidi yake.

Sasa nafika kwenye daftari, na dharau niliyokuwa nikiwagawia wengine sina budi kujipakulia mimi.

Chengo hakujua kusoma. Kila jioni kabla ya kuondoka tulikaa kwenye banda, mimi nikaandika kazi ya siku, kisha nikamsomea kwa sauti kila mstari. Akisikia sawa, alichovya dole kwenye wino na kuliweka chini. Hakuwahi kuliweka kabla ya kusomewa. Kama nimesahau jambo, hata jina la punda aliyechechemea, alisema, "Liandike, kesho hutalikumbuka." Alikuwa mwangalifu kuliko makarani wote niliopata kuwaona.

Mwaka ambao mkataba wa ardhi ya klabu ulikuwa ukitengenezwa upya, katibu wa klabu aliniita. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, afisa wa reli, kaptula yake imepigwa pasi hadi inaweza kukata mkate. Akaniambia kwamba wapimaji watakuja, na wataomba kuona daftari.

"Mkisafisha kisima, andika kisima cha klabu, kilichochimbwa na Reli."

"Lakini mzee, hakikuchimbwa na Reli."

"Nani amekuuliza kimechimbwa na nani? Nimekwambia uandike." Akatazama dirishani, upande wa nyumba zetu za wafanyakazi. "Nyumba tunazipunguza mwaka huu. Zitabaki kwa watu wanaoshirikiana. Binti yako yuko darasa la saba, sivyo?"

Hakunipiga. Hakunitukana. Ningependa kuwaambia kwamba alinitisha kwa bunduki, ingenipa sura nzuri zaidi. Aliniuliza tu habari za mtoto wangu, nami nikarudi bandani na kuandika. Nilikuwa mwoga mwenye mwandiko mzuri.

Jioni nikamsomea Chengo. Grini ya tatu imekatwa. Visu vimenolewa. Umande umepanguswa kwa mianzi kwenye grini zote kabla ya jua. Kisima kimesafishwa. Hapo nikaruka maneno yaliyobaki kwenye mstari, nikaenda kwenye punda. Chengo alikuwa akitabasamu. Siku ile tulisafisha kisima pamoja na wapwa zake, tukatoa kata tatu zilizozama tangu ujana wake, na alizifurahia kama mtu aliyekutana na jamaa. Alichovya dole, akalibonyeza pale nilipomwonyesha.

Nilibaki na nyumba. Jumapili nilifundisha watoto wa ubatizo kwamba ushuhuda wa uongo ni dhambi, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Chengo alifariki miaka mingi baadaye, na mimi ndiye niliyesoma wasifu wake makaburini. Niliusoma wote bila kuruka neno, kana kwamba hilo lingesaidia. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba ni mstari mmoja, katika daftari moja, kwenye kabati lenye mende. Hakuna uongo unaojificha vizuri kama ule uliomo kwenye karatasi isiyosomwa na mtu, mpaka siku mtu anapotafuta kitu cha kujaza kitabu.

Barua ilipokuja, nilimweleza binti yangu, Mkamburi, akiwa amerudi kutoka kazini hospitalini. Alikuwa bado na viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaketi.

"Baba, ile nyumba tuliyokulia?"

"Hiyo hiyo."

"Kwa hiyo mimi nilimaliza shule kwa…" Akavua viatu, akaviweka sawa mlangoni. "Ungeniambia kabla ya barua. Si leo, miaka mingi iliyopita."

"Kweli, ningekuambia."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitasema."

"Watakuita mwongo mbele ya kaunti nzima. Katekista mzima."

"Watakuwa hawajakosea."

Ciku naye alikuja Jumapili baada ya ibada, nikamweleza, kwa sababu nilihitaji mtu wa kunisaidia na mambo ya kompyuta. Ciku anafanya kazi ghala moja kule Shakopee, na ana moyo mzuri na jibu la haraka kwa kila kitu.

"Babu, si useme tu hukumbuki? Umri wako, hakuna mtu ataku-blame. Unawaambia memory imeisha, finish."

"Nakumbuka hata rangi ya wino, Ciku."

"Lakini wao hawajui unakumbuka."

"Kadzo je?"

Akavuta kompyuta karibu. Halafu akasema, "Sawa. Nita-set kila kitu. Lakini Babu, uvae koti lile zuri. Ukienda kukubali kosa usiende umevaa sweta la nyumbani."

Kikao kilikuwa saa nane mchana kule, saa kumi na mbili asubuhi hapa. Ilikuwa mwezi wa tano. Ciku alikuja moja kwa moja kutoka shifti, Mkamburi akachelewa kwenda kazini makusudi, na kompyuta ikawekwa kwenye meza ya chakula juu ya kitabu kile cha klabu, kwa kuwa kilikuwa na unene unaofaa. Nilivaa koti.

Niliona chumba, meza ndefu, afisa wa ardhi, mama wa makamo mwenye miwani, na wakili wa klabu kijana sana. Nyuma walikaa watu wa Kidongoni. Kadzo alikuwa mwisho wa benchi, na pembeni yake hapakuwa na mtu.

Wakili alianza kwa heshima nyingi. Alinishukuru kwa utumishi wangu. Akaonyesha picha ya ukurasa.

"Mzee Mwakio, huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Na hili ni dole la marehemu Chengo?"

"Ni lake."

"Basi nadhani hatuna la zaidi," akasema, akamtazama afisa kama mtu anayefunga mkoba.

"Mimi ninalo," nikasema. "Chengo hakujua kusoma. Nilikuwa nikimsomea kila mstari kabla hajaweka dole. Siku hiyo nilisoma nusu ya mstari. Kwamba kisima ni cha klabu na kilichimbwa na Reli, hakusikia. Niliandika kwa amri ya katibu, ili nisinyang'anywe nyumba. Chengo aliweka dole kwenye kusafisha kisima cha mama zake, na hicho ndicho alichosafisha."

Nikawaeleza pia juu ya mashimo matatu ya chumvi yaliyogeuzwa mabanka, na hodi niliyopiga miaka yote ile. Afisa aliandika. Wakili aliinua mkono.

"Samahani, mzee wangu. Nataka kuelewa. Daftari linasema jambo moja, wewe leo unasema jingine. Sasa ulidanganya wakati ule, au unadanganya leo?"

Nilimwona Mkamburi kwa pembe ya jicho, amesimama karibu na friji. Nimesimama mbele ya waumini mara nyingi, nimeongoza sala, nimezika watu. Sijawahi kuulizwa swali lililonyooka namna ile, na nilimshukuru kijana yule kimoyomoyo, ingawa hakukusudia kunitendea wema.

"Wakati ule," nikasema.

"Na kikao kikuamini kwa sababu gani?"

"Wakati ule nilikuwa na nyumba ya kupoteza, nikadanganya. Leo nilikuwa na jina, ndilo hilo mmelichukua sasa hivi."

Wakili akaketi. Afisa akauliza kama kuna mwenye swali. Kadzo akasimama, mikono imeshika leso.

"Babu, yaani alikuwa hajui?"

"Hakujua, mwanangu. Mpaka anazikwa hakujua. Kosa ni langu peke yangu, na wote mlioko hapo naomba msinisamehe kabla ya kumwomba Kadzo radhi."

Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa benchi la mbele aligeuka, akamtazama Kadzo. Kisha picha ikakatika, kama kawaida yake.

Vijana, sina wasia mrefu. Mahali mnapofanya kazi, iwe hospitali, ghala au ofisi, mtaombwa siku moja kujaza karatasi. Atakayewaomba atakuwa mpole, na atauliza habari za watoto wenu. Hatawaomba mwibe. Atawaomba mstari mmoja. Mimi nilidhani mstari ni kitu kidogo kwa sababu hauna uzito, na nikambebesha mtu aliyenifundisha kila kitu. Namshukuru Mungu kwamba hakunichukua kabla ya klabu ile kuchapisha upuuzi wao. Wengine hufa na daftari likiwa bado kabatini.

Uamuzi wa kisima haujatoka. Afisa amesema ukuta usijengwe mpaka atakapoandika. Klabu imeniandikia kunijulisha kwamba heshima yao ya maisha imeondolewa. Iliishi wiki sita.

Juzi Kadzo amenitumia ujumbe mwingine, mfupi, ndoo zinasikika zikigongana nyuma yake.

"Babu, nimetoka kisimani sasa hivi. Hakuna aliyeniambia neno baya. Nimechota, nimetwishwa ndoo, nimerudi."